Bundi wa Itombwe: miaka 45 kati ya ngozi na picha

FIZI – Wakaaji wa Baraka na Ubwari huona milima ya Itombwe upande wa magharibi. Huko, mahali paitwapo Muusi, bundi mmoja aliuawa mwaka 1951 ili achunguzwe. Mwaka 1952, mtaalamu Mbelgiji Henri Schouteden alimpa jina la Alexandre Prigogine, mkusanyaji wa ndege wa Kivu.

Kisha kimya. Ni mwaka 1996 tu ambapo watafiti walinasa mwingine kwa wavu, kusini-mashariki mwa Itombwe. Huyo hakuuawa: alipigwa picha, akaachiliwa.

Wengi wetu bado tunamwogopa bundi. Lakini picha ile ilimtambulisha duniani naye akabaki msituni. Itombwe ni hifadhi tangu 2006. Miti ikiisha, kamera itapiga picha ya nini?