Kifaru kile ni cha nani? Somo la kutambua magari ya kivita kutoka Vita vya Kagera

Kila tunapogusia Vita vya Kagera, vijana wa Bukoba na Muleba huuliza swali moja: askari walijuaje kwamba kifaru kinachokuja ni cha adui na si cha kwetu?

Jibu fupi ni kwamba macho peke yake hayakutosha. Katika vita ile pande zote mbili zilikuwa na vifaru vinavyofanana kama mapacha. Ndiyo maana jeshi hufundisha mambo mawili tofauti: kutambua aina ya gari, na kutambua mwenye gari. Anayechanganya mambo hayo mawili anaweza kumuua ndugu yake.

Ugomvi ulikuwa juu ya nini

Upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, mpaka wetu na Uganda ni mstari ulionyooka. Waingereza na Wajerumani waliukubali mwaka 1890, wakifuata digrii moja kusini mwa Ikweta. Mto Kagera haufuati mstari huo. Unapinda na kuingia ndani ya Tanzania, unapita Kyaka, kisha unaelekea ziwani. Kati ya mto na mstari wa mpaka kuna ardhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 1,800. Sehemu kubwa yake leo iko wilaya ya Missenyi.

Idi Amin alichukua madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971, na Milton Obote aliyepinduliwa akapata hifadhi Tanzania. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walijaribu kurudi kwa nguvu wakashindwa, na Uganda ikajibu kwa kupiga mabomu Bukoba. Mwezi uliofuata nchi hizi mbili zilikubaliana mjini Mogadishu kurudisha majeshi yao kilomita 10 kutoka mpakani.

Amani hiyo ilivunjika Oktoba 1978. Jeshi la Amin liliingia kupitia Mutukula, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Mapema Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa ili jeshi letu lisivuke. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga vyote vipo.

Dai la Amin halikuwa na msingi. Tangu mkutano wa Cairo wa mwaka 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikubali kwamba mipaka tuliyoikuta wakati wa uhuru iheshimiwe, hata kama ilichorwa na wakoloni.

Vifaru vilivyofanana

Jeshi la Amin lilikuwa na vifaru vya Kisovieti vya T-54 na T-55, Sherman za zamani za Kimarekani zilizopatikana kupitia Israel, na magari ya deraya ya OT-64 kutoka Chekoslovakia. Walibya waliokuja kumsaidia mwaka 1979 nao walileta T-55.

Tanzania ilipata vifaru vyake China. Vikubwa viliitwa Type 59 na vidogo Type 62. Tatizo ni hili: Type 59 ni T-54 iliyotengenezwa China. Umbo ni lile lile, na hata magurudumu yamepangwa vile vile.

Mtu aliyefunzwa hutazama mambo haya, moja baada ya jingine:

Kwanza, linatembea kwa minyororo au kwa matairi? OT-64 lina matairi manane na halina minyororo, kwa hiyo ni rahisi kulitenga na kifaru.

Pili, ndani ya mnyororo kuna magurudumu mangapi, na yamepangwaje? T-54, T-55 na Type 59 zina magurudumu makubwa matano kila upande, na kuna nafasi inayoonekana wazi kati ya la kwanza na la pili. Sherman ina magurudumu madogo sita, yamefungwa mawili mawili.

Tatu, kichwa kinachozunguka kina umbo gani? Cha T-54 na wenzake ni cha mviringo na kimelala chini, kama bakuli lililofunikwa. Sherman ni ndefu kwenda juu, na huonekana mapema ikipita nyuma ya kichaka au kilima.

Nne, ukubwa. Type 62 inafanana na Type 59 lakini ni nyepesi zaidi: ina uzito wa tani kama 21, wakati Type 59 ina tani 36 hivi. Ukiziona pamoja utazitofautisha. Ukiona moja tu, mbali na katika vumbi, ni vigumu.

Kwa hatua hizi, mlinzi aliyekaa kilimani angeweza kutenga Sherman na T-55. Asingeweza kutenga T-55 ya Amin na Type 59 ya kwetu kwa umbo pekee.

Hata lugha haikutosha

Huenda ukasema: basi, wangesikiliza wanazungumza nini. Hilo nalo lilikuwa gumu. Majeshi ya Tanzania na Uganda yote yalitokana na jeshi la Keya la wakati wa Waingereza, na askari wa Amin walitumia Kiswahili kazini. Sauti ya Kiswahili gizani haikuwa dalili ya usalama.

Lafudhi ya Kiganda pia haikuwa dalili ya adui. Upande wetu walikuwemo Waganda waliompinga Amin, wakiwemo Kikosi Maalum cha akina David Oyite-Ojok na wapiganaji wa Yoweri Museveni. Pale Lukaya, tarehe 10 na 11 Machi 1979, Watanzania na Waganda hao walikutana na Waganda wa Amin na Walibya kwenye barabara inayopita kando ya kinamasi, na mapigano yakaendelea usiku.

Makosa yalitokea. Mwanzoni mwa vita, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa na walinzi wa anga wa upande wetu wenyewe, waliodhani ni za adui. Walinzi wale hawakuwa wasaliti. Walikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu siku chache nyuma ndege za Uganda zilikuwa zimepiga mabomu mji wa Bukoba. Hofu ikitangulia uhakika, kidole hukimbilia kufyatua.

Mafunzo hufanya nini

Vita ilipoanza, jeshi letu lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Lilikua hadi kupita 100,000, wakiwemo maelfu ya mgambo, askari wa JKT, polisi na magereza. Wengi walikuwa wakulima na vibarua muda mfupi kabla. Hao ndio waliohitaji kufundishwa haraka kutofautisha rafiki na adui.

Ndiyo maana jeshi haliishii kwenye umbo la gari. Askari hufundishwa neno la siri linalobadilishwa mara kwa mara, alama za kupaka au kufunga kwenye magari, matumizi ya redio, na usomaji wa ramani ili kila kikosi kijue mwenzake yuko wapi. Kijana anayepitia mafunzo ya mgambo leo bado anafundishwa usomaji wa ramani na ujanja wa porini. Hapo ndipo umuhimu wake ulipo.

Tatizo hili si letu peke yetu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi zote mbili zilikuwa na vifaru vya Kisovieti kama T-72. Magari mengi ya Urusi yalipakwa herufi kubwa, hasa Z, na jambo moja lililosaidiwa na alama hizo ni kuyatofautisha na ya Ukraine. Ni shida ile ile iliyowapata askari wa Kagera.

Wewe mwananchi inakuhusu vipi

Leo mpaka wa Mutukula ni njia ya biashara, na malori hupita mchana na usiku. Hata hivyo, kuna mambo matatu ya kubaki nayo.

La kwanza ni picha za simu. Ukitumiwa picha ya kifaru yenye maneno kwamba kimeonekana mahali fulani, kumbuka kwamba kifaru cha aina moja kinamilikiwa na nchi nyingi. Picha inaweza kukuonyesha aina. Haikuambii ni cha nani, kilipigwa picha wapi wala lini. Usiisambaze.

La pili ni kutoa taarifa. Ukiona jambo la kutilia shaka, mweleze mwenyekiti wa kijiji au polisi ulichokiona tu: vitu vingapi, vya umbo gani, mahali gani, saa ngapi, vikielekea wapi. Kama hujui ni vya nani, sema hujui. Taarifa ya namna hiyo ina faida kuliko kelele za "adui kaja".

La tatu ni vyuma vya zamani. Ukikuta shambani chuma kinachofanana na bomu au risasi kubwa, usikiguse, usikigonge wala usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, kisha toa taarifa.

Vita ile iliisha rasmi Juni 1979, na mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Kanisa lililobomolewa Kyaka bado ni magofu. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala mamia ya askari waliokufa wakiirudisha ardhi hii. Ukipata nafasi ya kufika Kaboya na watoto, waeleze kwamba baadhi ya waliopigana walikuwa na umri kama wa kaka zao, na kwamba usiku, mbele ya kifaru kinachofanana na chao, iliwabidi waulize kwanza neno la siri.