Sauti ya Dhiki

Sauti ya Dhiki ni diwani ya Abdilatif Abdalla, mshairi aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika waraka wa siri, Kenya: Twendapi?, uliopinga jinsi serikali ya Jomo Kenyatta ilivyokikandamiza chama cha upinzani cha KPU. Kwa ajili hiyo alifungwa miaka 3, hadi 1972, muda mwingi akiwa peke yake kizuizini. Mashairi aliyatunga humo, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni.

Hali hiyo imo katika kila ukurasa. Shairi la “Mamba” linamsema mtawala mkali kwa sura ya mnyama. “N’shishiyelo ni lilo” ni jibu la mfungwa asiyekana msimamo wake. Lakini kifungo pekee hakitoshi kuieleza diwani hii. Abdilatif alilelewa katika ukoo wa washairi, na lugha yake ni Kimvita cha nyumbani, chenye vina na mizani iliyokomaa kabla hajakamatwa. Ndiyo maana uchungu wake haukuvunja umbo la shairi.

Diwani ilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga.