Vivuko vya Kisiwa cha Mombasa

Mji wa Mombasa umejengwa juu ya kisiwa. Upande wa mashariki na kaskazini iko bandari ya zamani pamoja na hori ya Tudor. Upande wa kusini na magharibi iko Kilindini, ambayo jina lake laeleza habari yake, maana kilindi ni mahali penye maji mengi. Ni upande mmoja tu, penye Makupa, ambako maji yalikuwa haba hata mtu akaweza kuvuka kwa miguu yakupwapo, hasa siku za bamvua. Historia ya mji huu aghalabu huandikwa kwa habari za ngome, masultani na manowari. Yafaa pia itazamwe kwa vivuko vyake, kwa kuwa hapo ndipo usalama wa mji ulipolindwa, na mara nyingine ndipo ulipopotea.

Ushahidi ulio wazi ni wa mwaka 1589. Wakati huo Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa amejiweka Mombasa, na ng'ambo ya pili, bara, jeshi la Wazimba lilikuwa limepiga kambi likingoja nafasi ya kuingia kisiwani. Merikebu mbili za Waturuki ziliwekwa penye kivuko ili kuwazuia. Mwezi wa Machi wakatokea Wareno chini ya Tomé de Sousa Coutinho, wakaziteka merikebu zile, na kwa tendo hilo wakakiondoa kizuizi pekee kilichokuwako. Wazimba wakavuka. Wenyeji wengi waliuawa. Wengine walikimbilia pwani, wakachagua kuangukia mikononi mwa Wareno kuliko kungoja yaliyokuwa nyuma yao. Padri João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609, ni miongoni mwa waliowaandika Wazimba, na habari zake hazina budi kusomwa kwa hadhari, maana Wareno walipenda kuwaonyesha watu hao kuwa wa kutisha kupita kiasi. Walakini jambo la kivuko halina shaka. Wareno wenyewe, walipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, hawakuridhika na ngome ile iliyoitazama bahari. Baadaye waliweka vingome vidogo Makupa, vilivyoitazama bara.

Kwa karne nyingi, basi, hofu ya mji ilikuwa ni kuvukwa. Lakini mji huohuo haukuweza kuishi bila kuvuka. Visima vyake na mabirika ya misikiti viliwatosha watu kwa maji, ila nafaka, matunda, tembo, kuni na makuti vililetwa kutoka bara, na wenyeji wengi walikuwa na mashamba yao ng'ambo. Dau na mashua zilikwenda na kurudi kila siku. Kazi hii haikuandikwa na mtu, kwani mambo ya kila siku hayaandikwi mpaka yaharibike.

Mwaka 1896 hali iligeuka. Reli ya kwenda Uganda ilianza kujengwa, na shehena zote zilizoshushwa kisiwani zilipaswa kufika bara. Makupa pakatengenezwa kwanza daraja la miti la muda, kisha daraja la chuma lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa siku zile. (Kabla ya hapo, mwaka 1890, kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ilikuwa imetandika maili chache za reli nyembamba, jaribio hilo halikufika popote, na reli zake zikaja kutumika mjini kwa vigari vilivyosukumwa na watu kwa mikono, wakubwa wakiwa wamekaa chini ya turubali.) Mahali ambapo palikuwa pa kuogopwa kuliko pote pakawa mlango wa mali.

Mwaka 1929 lilijengwa tuta la Makupa, na barabara ikawa juu ya nchi kavu. Kwa wahandisi kazi hiyo ilikuwa nzuri: tuta halipati kutu, wala halihitaji kupakwa rangi. Ila liliziba njia ya maji. Mkondo uliokuwa ukipita kati ya hori ya Tudor na ile ya Port Reitz ulikatika, tope likajikusanya pande zote mbili, na wavuvi wakawa hawana njia. Ilipita zaidi ya miaka 90 kabla ya jambo hili kusahihishwa: mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jipya, tuta likaondolewa, na maji yakapewa tena njia yake. Katika muda huo wote mji ulizidi kutegemea upande huo mmoja. Hata maji ya kunywa, baada ya bomba la chemchemi za Mzima kukamilika mwaka 1957, yalitoka mbali bara, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Visima vya zamani vikasahauliwa, na kisiwa kilichowahi kujitosheleza kwa maji kikawa chaweza kushikwa na kiu kwa kupasuka bomba lililo mbali na macho yake.

Nyali ilipata daraja mwaka 1931. Lilikuwa daraja la kuelea juu ya mapantoni, na mwenye kuvuka alilipa ushuru. Mwaka 1980 mahali pake pakachukuliwa na daraja kubwa la zege.

Ikabaki Likoni. Hapa ndipo penye neno la kutazamwa kidogo. Watu wa Dar es Salaam chombo cha kuvushia hukiita pantoni. Watu wa Mombasa husema feri, na kwao feri si chombo tu, bali ni mahali: mtu hushuka feri, hukutana na mwenziwe feri. Kivuko, lililo neno la asili, limebaki zaidi katika maandishi. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Sababu ya kutojengwa daraja hujulikana: Kilindini ni njia ya meli kubwa, na daraja la kuzipisha halina budi kuwa refu mno kwenda juu, na la gharama nyingi. Sababu hiyo ni ya kweli. Walakini ukweli mwingine ni kwamba Makupa palipita mizigo, na Likoni walipita watu. Na mizigo ndiyo iliyotangulia kupata daraja.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko kilicho jirani na Likoni, ilipinduka karibu na ufuko. Iliruhusiwa kuchukua watu 300. Ilikuwa imechukua wapatao 400. Walikufa watu 272, wengi wao wakiwa wanakwenda kazini asubuhi. Hawakufa kwa vita wala kwa tufani. Walikuwa wengi kuliko chombo, na hawakuwa na njia nyingine.

Wakati wa maradhi ya korona, ilipoonekana kwamba msongamano wa feri ni hatari ya namna nyingine, liliwekwa daraja la kuelea kwa waendao kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu. Likaanza kutumika mapema mwaka 2021. Lilifunguliwa katikati kila meli ilipopita, na watu wakangoja. Kisha mwaka 2024 ilikamilika barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini na kuzunguka kwa madaraja ya Mwache na Mteza mpaka pwani ya kusini, pasipo kukigusa kisiwa. Malori na mabasi ya Diani hayana haja tena ya kungoja zamu Likoni. Njia hiyo ni ndefu, nayo ni ya mwenye gari. Muuza mboga wa Likoni apelekaye kikapu chake Marikiti huteremka bado penye mteremko uleule, husimama langoni pamoja na maelfu ya wenziwe, na huingia ferini bila ya kutozwa nauli.