Kimathi Alipokwenda Lagos: Tamasha la FESTAC 1977 na Lugha ya Jukwaa Letu

Mwanafunzi anayesoma Mzalendo Kimathi au Usaliti Mjini huelekezwa moja kwa moja kwenye maudhui, wahusika na mbinu za uandishi. Si kosa, maana huko ndiko maswali ya mtihani yanakotoka. Hata hivyo, tamthilia hizi mbili zina historia moja ambayo ni nadra kuikuta katika miongozo. Ziliteuliwa pamoja, zikiwa bado za Kiingereza, kuiwakilisha Kenya katika Tamasha la Pili la Dunia la Sanaa na Utamaduni wa Watu Weusi na Waafrika, maarufu kama FESTAC, lililofanyika Nigeria kuanzia tarehe 15 Januari hadi tarehe 12 Februari 1977. Makala haya yanaifuata safari hiyo, na kuuliza swali ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatuwezi kulikwepa: mashujaa wetu walizungumza lugha gani walipofika huko?

Tamasha la kwanza lilifanyika Dakar mwezi Aprili 1966, chini ya uongozi wa Rais Léopold Sédar Senghor, mshairi na mmoja wa waasisi wa falsafa ya Negritudi. Huko ndiko filamu ya Ousmane Sembène, La Noire de..., ilikopata tuzo. Sembène alianza kama mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, kisha akageukia filamu baada ya kutambua kwamba watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Filamu yake Mandabi ya mwaka 1968 ilitumia Kiwolofu. Baadaye serikali ya Senghor iliizuia filamu yake nyingine, Ceddo, na sababu iliyotolewa rasmi ni kwamba jina hilo lingepaswa kuandikwa kwa d moja wala si mbili. Mwalimu aliyewahi kukata alama kwa makosa ya tahajia atacheka. Lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba katika sherehe za utamaduni wa mtu mweusi, suala la lugha halikuwa pembeni hata siku moja.

Nigeria ya mwaka 1977 ilikuwa na pesa za mafuta, na ilizitumia. Lagos ilijengewa ukumbi wa kitaifa wa maonyesho huko Iganmu, jengo lenye umbo la kofia ya mwanajeshi, na ukumbi wake mkuu ukiwa na viti 5,000. Wageni walijengewa mtaa mzima, ambao hadi leo unaitwa Festac Town. Walifika wasanii kutoka nchi zaidi ya 50, akina Miriam Makeba, Stevie Wonder, Gilberto Gil na Sun Ra wakiwemo. Nembo ya tamasha ilikuwa kinyago cha pembe ya ndovu cha Malkia Idia wa Benin, kilichochongwa katika karne ya 16 na kuchukuliwa na Waingereza walipoivamia Benin mwaka 1897. Nigeria ilikiomba. Makumbusho ya London hayakukitoa, ikabidi wachongaji wa Benin watengeneze nakala. Mwanamuziki Fela Kuti alilisusia tamasha lenyewe, akawa anapiga muziki klabuni kwake na kuisuta serikali ya kijeshi. Tarehe 18 Februari, siku sita tu baada ya tamasha kufungwa, askari waliivamia na kuichoma nyumba yake.

Tarehe hiyo haina budi kumgutusha msomaji Mkenya. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ni sadfa tu, lakini inatukumbusha kwamba Kimathi wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo alipanda jukwaani Lagos takriban miaka 20 baada ya Kimathi wa kweli kuuawa, wakati ambapo huku nyumbani Mau Mau bado lilikuwa kundi haramu kisheria. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003.

Kabla ya safari, tamthilia zote mbili ziliigizwa Nairobi mwezi Oktoba 1976 katika Ukumbi wa Kitaifa. Seth Adagala aliielekeza ya Kimathi, naye Tirus Gathwe akaielekeza ya Francis Imbuga. Ukumbi wenyewe una historia yake. Ulifunguliwa mwezi Novemba 1952, majuma machache baada ya hali ya hatari kutangazwa, na uko mkabala na hoteli ya Norfolk, karibu na mahali ambapo wafuasi wa Harry Thuku walipigwa risasi mwaka 1922. Ngugi ameeleza katika maandishi yake kwamba kikundi cha FESTAC kilipewa siku chache tu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umetengewa wacheza densi kutoka Ufaransa pamoja na mchezo wa vichekesho kuhusu Roma ya kale. Ameeleza pia jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji katika wimbo na ngoma ya mwisho wa onyesho hadi wakatokea barabarani. Mtahiniwa anayeulizwa kwa nini tamthilia hiyo inamalizikia kwa wimbo wa umma badala ya maiti ya shujaa angefaidika kukijua kisa hiki. Waandishi walikuwa wakijibu picha nyingine za Kimathi, ikiwemo ile ya tamthilia ya Kenneth Watene ya mwaka 1974, ambamo shujaa ni mtu aliyejaa shaka na udhaifu.

Usaliti Mjini nayo ina kinaya ambacho, kwa maoni yangu, hatujakitilia maanani vya kutosha. Nchi inayosawiriwa ni Kafira. Panga upya herufi zake upate Afrika. Humo mna kamati ya serikali inayoandaa burudani ya kumlaki mgeni wa heshima, mna Tumbo anayetoa zawadi kwa shindano ambalo halikufanyika, na mna mchezo ndani ya mchezo unaogeuka kuwa mapinduzi. Tamthilia kama hiyo ndiyo iliyopelekwa na serikali kwenye tamasha la kiserikali, mbele ya wenyeji waliotawaliwa na jeshi! Ama walioiteua hawakuisoma kwa makini, ama waliisoma na wakawa na ujasiri kuliko tunavyowasifu.

Turudi kwenye lugha. Ukiondoa nyimbo, Kimathi alijitetea Lagos kwa Kiingereza, lugha ya mahakama iliyomhukumu kifo kule Nyeri. Jusper na Mosese pia waliilaani Kafira kwa Kiingereza. Zipo sababu: watazamaji walitoka nchi nyingi, na waandishi wenyewe walikuwa wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliozoea kuandika hivyo. Sababu hizo hazimalizi mjadala. Katika kongamano la tamasha hilohilo, Wole Soyinka, Myoruba asiye na uhusiano wowote na pwani yetu, alitetea Kiswahili kiwe lugha ya bara zima. Kwa hiyo Mnigeria alikuwa akikipigania Kiswahili katika mji uleule ambako Wakenya walikuwa wakiigiza kwa Kiingereza.

Sidai kwamba Ngugi alibadilika kwa sababu ya Lagos; mazungumzo na wanakijiji wa Kamirithu yalikuwa yameanza kabla ya safari. Lakini mfuatano wa matukio unasema mengi. Tarehe 2 Oktoba 1977, Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika na Ngugi wa Mirii, ilifunguliwa Kamirithu kwa Kigikuyu, ikiigizwa na wakulima na wafanyakazi katika uwanja wa wazi walioujenga wenyewe. Katikati ya Novemba leseni ikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngugi akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, katika Kamiti ileile alikonyongewa Kimathi, na humo akaandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shetani Msalabani. Tamthilia ya Kimathi kwa Kiingereza ilikuwa imelipiwa nauli na serikali mwanzoni mwa mwaka huo. Tamthilia ya Kigikuyu, iliyozungumzia shamba la ekari moja na nusu, ilimpeleka mwandishi wake gerezani mwaka uleule. Tofauti kubwa kati ya tamthilia hizo haikuwa ukali wa maudhui. Ilikuwa ni nani aliyeweza kuzielewa.

Imbuga alifariki mwaka 2012, Micere Mugo mwaka 2023 na Ngugi mwaka 2025. Pendekezo la Soyinka lilichelewa: Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022. Hapo kabla, mwaka 2004, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alikuwa amesimama mbele ya viongozi wenzake jijini Addis Ababa na kuwahutubia kwa Kiswahili. Wakalimani hawakuwa wamejiandaa.