Kujirudi, si Kurudi Relini

"Mgonjwa anashauriwa kurudi relini kiulaji." Sentensi hiyo imo katika kipeperushi alichopewa shemeji yangu kliniki, mwaka wa tatu tangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito. Alinisomea jikoni kwake, miwani imemshuka hadi puani, kisha akaniuliza: "Shem, kwani mimi ni SGR?"

Jambo lenyewe halina haja ya kufafanuliwa sana. Watu husema fulani "amekata utumbo", ingawa katika upasuaji uliozoeleka zaidi utumbo hauguswi kabisa: kinachoondolewa ni takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kinachobaki kina umbo la ndizi. Uzito hushuka, nguo hupwaya, pongezi humiminika. Halafu mazoea ya zamani huingia kwa mlango wa uani. Shemeji hakuangushwa na pilau. Nyama ilimkwama, chapati ilimkwama, lakini biskuti iliyochovywa chaini iliteleza, ikafuatwa na nyingine, na pakiti ikaisha kabla ya taarifa ya habari. Kuyaacha hayo na kushika tena ulaji aliofundishwa hospitalini ndiko kunakotafutiwa jina.

Tuanze na hiyo reli. Aliyeandika kipeperushi alikutana na msemo wa Kiingereza wenye neno "track", akaona treni. Laiti angefungua kamusi ya asili ya maneno! Neno hilo Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, na lilikuwa na maana ya nyayo, alama anayoacha mnyama au mtu anapopita, karne kadhaa kabla ya garimoshi kubuniwa. Kwa hiyo hata kama tafsiri ndiyo iliyotakiwa, ilikosewa. Isitoshe, treni iliyoacha reli hairudi yenyewe; huinuliwa kwa winchi, abiria wakiwa wamekaa kando kwenye majani. Mgonjwa gani huyo wa kuinuliwa kwa winchi?

Wapo waliojaribu kurekebisha, wakaharibu zaidi. Bwana mmoja ambaye makala zake huwa ndefu kuliko hoja zake anapendekeza "marejeo ya mlo". Kwa kila aliyewahi kuandika tasnifu, marejeo ni orodha ya vitabu. Mwingine anataka "marudio ya mlo", na hapo mgonjwa atasogeza sahani aongezewe. Nayo kamati moja, baada ya vikao ambavyo idadi yake siitaji kwa heshima ya walipakodi, ilizaa "urejeshaji wa mwenendo wa ulaji katika mkondo stahiki". Maneno manane. Daktari akimaliza kulitamka, mgonjwa ameshasikia njaa.

Neno lipo, na halikuhitaji kubuniwa, ila kuokotwa tu: kujirudi. Mtoto aliyemjibu mama yake vibaya asubuhi, akaja jioni kuosha vyombo bila kutumwa, amejirudi. Mlevi aliyeacha pombe amejirudi. Hakuna Mswahili wa kuuliza maana yake.

Sasa litazame kwa ndani. Kurudi tumekitwaa kutoka Kiarabu, mzizi wenye r na d mbili, wenye maana ya kurejesha. Tulipokwisha kukipokea tukakitanua. Tunarudi nyumbani. Tunamrudi mtoto, yaani tunamwadibisha. Tena, na hapa naomba wanakamati waweke vikombe chini, nguo ya pamba ikifuliwa kwa maji ya moto *hurudi*, yaani hupungua. Kurejea, kuadibu na kupungua, vyote katika kitenzi kimoja! Ni lugha gani nyingine iliyomwandalia mgonjwa wa upasuaji huu neno lililomkaa hivi? Mzizi huohuo wa Kiarabu ndio uliotupa pia kuritadi, kuiacha imani. Shemeji aliritadi kwa biskuti, akajirudi kwa mayai ya kuchemsha. Kuanguka na kuinuka vimetoka shina moja. Kisha kuna ile *ji*, ambayo winchi haina: mtendaji na mtendwa ni mtu yuleyule.

Pendekezo hili niliwahi kulipeleka kikaoni. Lilikataliwa kabla ya chai, kwa sababu eti istilahi sharti iwe nomino na hiki ni kitenzi. Ngeli ya KU hufundishwa sekondari: kusoma kwake, kucheka kwao, kujirudi kwake. Sikulisema hilo kikaoni kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameshafunga faili.

Pingamizi moja tu liliniuma, nalo halikutoka kwa mwanaisimu. Mtaalamu wa lishe, binti mdogo kwangu kwa miaka 30, aliniambia: "Mzee wangu, kujirudi ni neno la mkosaji. Wagonjwa wangu wana aibu ya kutosha." Akanieleza kwamba uzito unaweza kupanda tena bila mtu kufanya ulafi. Grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, hutengenezwa zaidi katika sehemu ile inayokatwa, ndiyo maana njaa hupungua mwanzoni. Lakini mwili una njia nyingine za kuutetea uzito wake wa zamani. Nililala na hoja hiyo siku mbili. Jibu langu ni hili: uzito *hurudi*, mtu *hujirudi*. La kwanza ni jambo la mwili na halina lawama. La pili ni uamuzi wa mtu, naye halifanyi mbele ya hakimu. Kutubu kunahitaji wa kutubiwa, kujirudi hakuhitaji. Binti hakuridhika sana, nami nakiri kwamba anayezungumza na wagonjwa kila siku ni yeye.

Kuhusu matumizi: "Wiki hii najirudi", "Tumpe mwezi wa kujirudi", kwenye faili, "kujirudi kimlo". Ndani yake mna protini kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku kama wanavyoelekezwa wengi wao, kutafuna taratibu, maji yakae mbali na chakula kwa nusu saa, na vidonge vya vitamini visiachwe. Kliniki watakueleza mengine.

Shemeji amelikata "kurudi relini" kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake neno langu, akakibandika kipeperushi kwenye mlango wa friji. Nasikia toleo jipya liko njiani. Anayelihariri na anipigie simu kabla halijaenda kiwandani; sitadai posho ya kikao.