Jinsi simu inavyopata makao katika mtandao wa ugenini

MSAFIRI anayevuka mpaka wa Busia na kuingia Uganda akiwa na laini ya Kenya anaweza kuendelea kupiga na kupokea simu kwa nambari yake ile ile. Huduma hiyo hujulikana kama romingi.

Kwa mtumiaji, hilo huonekana jambo jepesi. Hata hivyo, nyuma yake kuna mashauriano ya haraka baina ya kampuni mbili: ile iliyotoa laini, ambayo ni mtandao wa nyumbani, na ile inayomiliki minara mahali alipo msafiri, ambayo ni mtandao mwenyeji. Mashauriano hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini mtu anaweza kutozwa pesa kwa simu ambazo hakuzipiga yeye.

Kutambuliwa kwa mgeni

Kila laini hubeba nambari ya utambulisho isiyozidi tarakimu 15, ambayo ni tofauti na nambari ya simu tunayopeana. Tarakimu tatu za kwanza hutaja nchi: 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania na 641 ni Uganda. Zinazofuata hutaja kampuni, kisha mteja mwenyewe.

Simu inapowashwa ugenini, mtandao mwenyeji huisoma nambari hiyo na kutuma swali nyumbani: je, huyu ni mteja wenu, na mmemruhusu kutumia huduma nje ya nchi? Iwapo kampuni hizo mbili hazina mkataba, ombi hukataliwa.

Aidha, ndani ya laini mna ufunguo wa siri ambao nakala yake imo katika kampuni ya nyumbani pekee. Kampuni hiyo humpa mwenyeji fumbo pamoja na jibu lake. Laini ikilifumbua fumbo hilo kwa jibu lile lile, mgeni hukaribishwa. Ufunguo wenyewe hausafirishwi kamwe.

Baada ya hapo, mwenyeji huandika jina la mgeni katika daftari la muda, nayo kampuni ya nyumbani huandika katika daftari lake kuu mahali mteja wake alipo.

Safari ya simu

Msafiri anapopiga simu, mwenyeji ndiye anayeiunganisha. Kwa laini za kulipia kabla, mtandao wa nyumbani hukagua salio wakati mazungumzo yakiendelea na kuyakata pesa zinapokwisha.

Simu inayoingia ina njia ndefu zaidi. Mtu aliye Nakuru akimpigia msafiri aliye Kampala, simu hiyo kwanza hufika kwa kampuni ya nyumbani nchini Kenya. Kampuni hutazama daftari lake kuu, humwomba mwenyeji nambari ya muda, kisha huielekeza simu Uganda.

Aliyepiga hutozwa kama anayempigia mtu aliye nchini, kwa kuwa hana njia ya kujua kwamba mwenzake amesafiri. Gharama ya kipande cha kutoka Kenya hadi Uganda kwa kawaida humwangukia anayepokea.

Vivyo hivyo, Wakenya wawili walioketi meza moja mjini Kampala wakipigiana kwa laini zao za nyumbani, simu huweza kwenda Kenya na kurejea. Intaneti nayo kwa kawaida hupitishwa kwanza katika mitambo ya nyumbani.

Nani humlipa nani?

Mwenyeji huweka kumbukumbu ya kila huduma aliyotoa na kuituma kwa kampuni ya nyumbani, mara nyingi kupitia kampuni za kati zinazolinganisha hesabu. Kampuni ya nyumbani hulipa bei ya jumla iliyoafikiwa, kisha humtoza mteja bei yake ya rejareja.

Basi bei haitegemei umbali pekee, bali mkataba. Mnamo Septemba 2006, Celtel, ambayo baadaye iliitwa Zain na kisha Airtel, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Wateja wake walipokea simu bila malipo na kupiga kwa bei za nchi waliyomo.

Mwaka wa 2014, serikali za Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ziliafikiana kuondoa ada ya kupokea simu za kutoka katika nchi hizo, na kuweka kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika kwa anayepiga. Muungano wa Ulaya nao uliondoa ada za ziada za romingi baina ya wanachama wake mnamo Juni 15, 2017.

Tahadhari mpakani

Mawimbi ya simu hayajui mipaka. Mkazi wa Namanga, Taveta au Malaba anaweza kunaswa na mnara wa nchi jirani akiwa nyumbani kwake, na salio likapungua kwa viwango vya ugenini.

Kinga ni kuchagua mtandao kwa mkono katika mipangilio ya simu badala ya kuiachia simu ijichagulie, na kuzima romingi ya intaneti isipohitajika. Anayesafiri naye aulize mapema mambo matatu: bei ya kupiga, bei ya kupokea na bei ya intaneti katika nchi anayokwenda.