Ilimba na Gitaa: Urithi wa Hukwe Zawose



Majirani zetu Wagogo wanasifika kwa zeze na ilimba. Juma hili tunamkumbuka mmoja wao, hayati Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyeishi Bagamoyo. Mwaka 2002 yeye na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, walitoa albamu iitwayo Assembly. Wengi wetu hudhani kwamba gitaa la umeme likiingia, ala za wazee hunyamaza. Humo hazikunyamaza.

Ilimba kubwa ina vyuma vyembamba vingi. Baadhi havipigwi kwa kidole. Hutetema vyenyewe vingine vinapoguswa. Ndivyo ulivyo urithi. Zawose alifariki Desemba 2003. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, waliozoea kuitikia nyuma, walisimama mbele mwaka 2024 na kutoa albamu yao, Maisha.

Nasi hapa Kiomboi tujiulize: kwaya zetu zikishika kinanda, ni kijana gani anayefundishwa ala za babu zake? Mzee akiondoka kabla ya kumgusa hata mmoja, ni chuma kipi kitakachotetema?